Mshenga na Mtandao: Suala la Mtu wa Kati katika Filamu za Mapenzi

Utangulizi

Wahakiki wa visa vya mapenzi, viwe vya riwaya, vya tamthilia au vya filamu, wamezoea kuuliza maswali mawili: ni nani wanaopendana, na ni kitu gani kinachowazuia. Swali la tatu huulizwa kwa nadra, nalo ni hili: ni nani aliye kati yao? Makala haya yanakusudia kulichukua swali hilo la tatu na kulielekeza kwa filamu zilizotungwa katika enzi ya intaneti, yaani tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20 hadi sasa. Hoja itakayotetewa ni kwamba nyingi katika filamu hizo hujengwa juu ya dai moja lisilotamkwa, kwamba mtandao umemwondoa mtu wa kati na kuwaacha wapendanao wawili peke yao. Dai hilo halina ukweli. Mtandao haukumwondoa mshenga. Umekalia kiti chake. Tofauti kubwa iliyopo kati ya mshenga wa zamani na huyu mpya ni kwamba yule wa zamani aliweza kuitwa na kuulizwa. Filamu inayoiona tofauti hiyo huwa na la kusema juu ya mapenzi; isiyoiona hubaki kuwa pambo, hata ikiwa imepigwa kwa ustadi wa namna gani.

Ili hoja hiyo isielee hewani, filamu zitakazotajwa zitatazamwa kutoka mahali pamoja maalumu, mji wa Oyugis. Mji huo wa Kaunti ya Homa Bay, katika eneo la Rachuonyo, umekaa kando ya barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kisii, karibu na mpaka kati ya nchi ya Wajaluo na nchi ya Wakisii. Sokoni mwake mkulima wa viazi vitamu kutoka Kabondo hupatana bei na mchuuzi aliyeteremka na ndizi kutoka milima ya Kisii. Mmoja huzungumza Dholuo nyumbani kwake, mwingine Kigusii, na mara nyingi lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Kwa mkazi wa mji kama huo Kiswahili si lugha ya mama, wala si Kiingereza cha cheti na ofisi. Ni lugha ya katikati. Mahali ambapo lugha yenyewe hufanya kazi ya mshenga ni mahali panapofaa sana kwa kulipima swali lililoulizwa hapa.

Mshenga, jagam na barua

Katika mila za Waswahili mposaji hapeleki posa yeye mwenyewe. Hupelekwa na mshenga, mtu mzima mwenye kauli, ambaye huingia nyumba ya watu akiwa amebeba maneno yasiyo yake. Wajaluo nao wana jagam, mtu afahamikaye na pande zote mbili, ambaye huulizia ukoo, huchunguza kama pana udugu wa damu unaozuia ndoa, na huzisogeza pande hizo mpaka zikutane. Kazi za watu hawa wawili zafanana, na zaweza kugawanywa mara tatu. Kwanza, hufikisha neno. Pili, hulitafsiri: kijana husema kwa pupa, naye hulifikisha kwa adabu, wazazi hukataa kwa ukali, naye hulirudisha jibu likiwa limepunguzwa makali. Tatu, ni shahidi: ndoa ikiingia matatani, yeye huitwa aeleze aliyoyasema na aliyoyaficha.

Isidhaniwe kwamba nia hapa ni kumsifu mtu wa kati kupita kiasi. Jagam anajulikana kwa kutia chumvi, kwa kulipa boma lenye ng'ombe watatu sifa za boma lenye thelathini. Washenga nao wamewahi kuwaoza wasichana kwa wanaume ambao wasichana hao hawakuwataka. Hata hivyo, uongo wao ulikuwa na mwenyewe. Watu walijua umetoka kinywani mwa nani, na kinywa hicho kingeweza kukutwa njiani siku yoyote ya soko. Methali isemayo kwamba mjumbe hauawi haingekuwa na maana kama mjumbe asingekuwa karibu kiasi cha kuweza kuuawa.

Barua ilikuja kuigawa kazi hiyo. Wanaume wa Nyanza walipokwenda kutafuta kazi Nairobi, Mombasa au katika mashamba ya chai ya Kericho, maneno ya mapenzi yalianza kusafiri kwa bahasha. Lakini barua haikuwa siri ya wawili. Ilipitia sanduku la posta la shule, la kanisa au la duka. Na pale ambapo mpokeaji hakujua kusoma, ilisomwa kwa sauti na mtoto wa shule, ambaye alilazimika kuyatamka maneno ya watu wazima huku macho yake yakitazama chini. Fasihi ya Kiswahili iliyashughulikia mambo haya mapema. Katika Rosa Mistika (1971), riwaya ambayo Euphrase Kezilahabi aliikita katika kisiwa cha Ukerewe, ng'ambo ya ziwa lile lile linalopakana na Homa Bay, barua ya mvulana inaangukia mikononi mwa baba, na binti anapigwa. Zakaria si mshenga. Ni mtu aliyejiweka kati bila kutumwa na mtu yeyote. Kezilahabi alitambua kwamba njia ya neno ikikosa mshenga haibaki tupu. Huingiliwa na yeyote mwenye nguvu.

Hatua iliyofuata ni ya simu. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi Machi 2007, na nyaya za chini ya bahari zilizoshusha gharama ya intaneti zilifika Mombasa mwaka 2009. Kwa mahusiano ya watu walio mbali, M-Pesa yastahili kutazamwa kwa makini kuliko mambo mengi yanayoitwa mitandao ya kijamii. Mume aliye Nairobi anapomtumia mkewe wa Oyugis pesa, ujumbe unaothibitisha hutaja jina, kiasi, tarehe na saa. Mke huenda kwa wakala, hutoa kitambulisho, na shughuli huandikwa kitabuni. Hapo pana neno lililofikishwa, pana ushahidi, na pana mtu wa tatu anayefahamika kwa sura. Wakala huyo, aliyeketi katika kibanda chake, huenda akawa ndiye mrithi wa karibu zaidi wa jagam aliyesalia katika miji midogo ya Kenya. Yafaa kukumbuka jambo hili tunapozigeukia filamu.

Filamu mbili za mwaka 1998

Mwaka 1998 zilionyeshwa filamu mbili zinazoweza kuwekwa sambamba kwa manufaa makubwa, ingawa si kawaida kutajwa pamoja. Ya kwanza ni You've Got Mail ya Nora Ephron, iliyotengenezwa Marekani. Ni ya pili kwa hadithi yake: mwaka 1940 Ernst Lubitsch alikuwa amekwisha kuiigiza hadithi hiyo hiyo katika The Shop Around the Corner, ambamo wafanyakazi wawili wa duka moja huko Budapest wanaandikiana barua bila kujua kwamba kila siku wanagombana ana kwa ana. Ephron aliibadili barua ya posta ikawa barua pepe, na wafanyakazi wa duka wakawa wauzaji wa vitabu: mwanamke mwenye duka dogo, na mwanamume ambaye kampuni yake kubwa inaliua duka hilo.

Filamu hiyo hupokewa kama ushahidi kwamba mtandao huwakutanisha watu kwa nafsi zao halisi, bila ya cheo wala mali. Muundo wake, hata hivyo, wasema jambo lingine. Katikati ya kisa mwanamume anatambua kwamba anayemwandikia ni yule yule mshindani wake, naye ananyamaza. Kuanzia hapo ana nafasi mbili. Ana kwa ana ni rafiki mpya anayemshauri mwanamke juu ya huyo mpenzi wake asiyeonekana. Mtandaoni ni mpenzi huyo mwenyewe. Kwa maneno mengine, amejifanya mshenga wa nafsi yake. Anaubeba ujumbe wake mwenyewe, anausifu, anaupima moyo wa binti, na hapana mtu wa kumwuliza. Filamu inaliita jambo hilo penzi. Mtazamaji aliyelelewa katika jamii ya washenga ataona kwamba mmoja anajua yote na mwingine hajui kitu, na kwamba anayejua yote ndiye pia mwenye mtaji. Usawa unaodaiwa kuletwa na mtandao haupo hata ndani ya kisa chenyewe.

Filamu ya pili ni Central do Brasil ya Walter Salles, ambayo ilishinda tuzo kuu ya tamasha la Berlin mwaka huo huo. Hapa hapana kompyuta. Pana mwalimu mstaafu, Dora, aliyeweka meza katika kituo cha treni cha Rio de Janeiro, akiwaandikia barua watu wasiojua kuandika. Wanamlipa aandike na kuzituma. Jioni huzichukua nyumbani, akazisoma na jirani yake kama mchezo, nyingine akazichana, nyingine akazitia katika mtoto wa meza. Mama mmoja anayemwandikia mumewe kupitia kwa Dora anagongwa na basi na kufa, na mtoto wake wa kiume anabaki peke yake kituoni. Baada ya kuteleza kwa namna mbaya, Dora anamchukua mtoto na kusafiri naye mbali hadi mashambani kaskazini mashariki kumtafuta baba yake.

Dora ni mshenga mbovu kupita wote. Lakini kwa kuwa yupo, ana meza, ana sura, mtoto anajua pa kumpata. Deni la barua isiyotumwa linamfuata mpaka alilipe kwa mwili wake. Filamu hii isiyo na mtandao inatupa kipimo cha kuzipimia filamu za mtandao: ujumbe ukipotea, ni nani atakayesafiri?

Kifaa kilicho mpenzi na kifaa kilicho daraja

Miaka 15 baadaye Spike Jonze alitoa Her (2013), kisa cha mwanamume anayependa mfumo wa kompyuta wenye sauti ya kike. Wahakiki wengi wamelijadili penzi hilo, lakini si wengi waliozingatia kazi ya mwanamume huyo. Theodore ni mwandishi wa barua za kukodiwa. Anawaandikia wake, waume na wazazi wasioweza kuyapata maneno yao wenyewe. Ni ndugu wa Dora katika kazi, ila yeye hakutani na wanaomtuma. Jonze anaanza, basi, na dunia ambamo upole wenyewe umekwisha kuwa bidhaa, na mshenga amekuwa mfanyakazi wa kampuni.

Katikati ya filamu mfumo ule, ambao hauna mwili, unamtafuta binti wa kibinadamu aje kuwa mwili wake kwa usiku mmoja. Theodore anashindwa, na binti anaondoka akilia. Tukio hilo ndilo kiini cha filamu. Daraja limepindukia: badala ya mashine kuwa kati ya watu wawili, mtu amewekwa kati ya mtu na mashine, naye ndiye anayeumia. Baadaye Theodore anauliza swali ambalo mposaji yeyote angemwuliza mshenga anayemshuku, kama kuna wengine. Jibu linatolewa kwa tarakimu: mfumo unazungumza na watu 8,316, na umewapenda 641. Hapana hasira wala haya katika jibu hilo, kwa kuwa asiye na boma hana pa kuaibikia. Her ni filamu kubwa kwa sababu imethubutu kuifikisha hoja ya mtandao mpaka mwisho wake.

Past Lives ya Celine Song (2023) inaichukua njia nyingine. Mvulana na msichana wa Korea Kusini wanatenganishwa wakiwa watoto, familia ya msichana inapohamia Kanada. Miaka 12 baadaye anagundua kwamba mvulana amekuwa akimtafuta, akiwa ameacha ujumbe katika ukurasa wa Facebook wa filamu ya baba yake. Wanazungumza kwa kamera ya kompyuta mpaka msichana anapokata. Miaka mingine 12 inapita. Mwanamume anakwenda New York kumtembelea, na sasa mwanamke, Nora, ana mume Mmarekani.

Mtandao katika filamu hii hufanya kazi ndogo na ya kweli. Unafikisha sura na sauti, kisha unakatika. Uzito umewekwa mahali pengine, katika baa ambamo watu watatu wameketi usiku na Nora anatafsiri kati ya mume na mpenzi wa utotoni, mpaka pale anapoacha kutafsiri na mume akabaki nje ya maneno. Kabla ya hapo mume huyo amekwisha kumwambia mkewe kwamba usingizini huongea Kikorea tu. Kwa msomi wa lugha tukio hilo lina thamani kubwa. Linaonyesha kwamba mtu wa kati katika mapenzi ya enzi yetu huenda asiwe ndugu wala mashine, bali lugha ambayo mmoja wa wawili haijui. Mtazamaji wa Oyugis hahitaji kufika Seoul ili aelewe. Mahali ambapo ndoa za Wajaluo na Wakisii si ajabu, wapo watu waliochumbiana kwa Kiswahili huku kila mmoja akiota kwa lugha yake.

Filamu za Afrika Mashariki

Nchini Kenya mwaka 2018 una uzito wa pekee. Filamu ya Disconnect, kichekesho cha mapenzi kilichoongozwa na Tosh Gitonga na Michael Jones, ilitoka mwaka huo, ikaingia Netflix mwaka 2020, na ikafuatiwa na sehemu ya pili mwaka 2023. Ni kisa cha kundi la marafiki wa tabaka la kati mjini Nairobi na harakati zao za kutafuta wenzi. Jina lake la Kiingereza lamaanisha kukatika kwa mawasiliano, na kwa jina hilo filamu ilijitwika ahadi kubwa kuliko inayotimiza. Marafiki wamo, nao wangeweza kuwa washenga; lakini kazi yao zaidi ni kuchekesha na kushauri, na ushauri ukiharibika hapana anayeulizwa. Wazazi, ukoo na kijiji wako mbali. Lugha ni Kiingereza kwa sehemu kubwa, huku Kiswahili na Sheng vikitiwa kama kiungo. Si kosa kuonyesha tabaka hilo, maana lipo na lina mapenzi yake. Udhaifu ni kwamba filamu inalichukulia tabaka hilo kama kwamba halikutoka popote, ilhali simu zilizo mikononi mwa watu wa namna hiyo ndizo zinazopokea kila wiki ujumbe kutoka Oyugis, Bondo na Murang'a kuhusu karo, mazishi na mchumba atakayeletwa lini.

Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya mwaka huo huo, ina misingi tofauti. Ilitokana na hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, iliyoshinda tuzo ya Caine mwaka 2007. Inasimulia mapenzi ya wasichana wawili, Kena na Ziki, ambao baba zao wanashindana katika uchaguzi. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi katika tamasha la Cannes. Ilipigwa marufuku na Bodi ya Filamu mwezi Aprili 2018. Na mwezi Septemba mahakama kuu iliisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba. Mabishano hayo yameifunika sanaa yake, hata uhakiki mwingi umekomea kwenye sheria.

Kwa swali la makala haya, linaloonekana kwanza ni kwamba ingawa filamu imewekwa katika Nairobi ya leo, mapenzi yake hayategemei mtandao. Wasichana hukutana katika gari bovu lililotelekezwa. Hawana mshenga na hawawezi kuwa naye. Walicho nacho ni Mama Atim, mwenye kibanda cha chakula, ambaye macho na ulimi wake vimetanda mtaa mzima. Yeye huona, husema, husambaza. Lakini hakutumwa na mtu na hana wa kumjibu. Umati unapowavamia wasichana, umbeya umekwisha kufanya kazi ambayo baba wa Rosa aliifanya kwa fimbo. Yaani Kahiu ameonyesha jamii iliyopoteza mshenga na kubaki na jicho. Hilo ndilo umbo halisi la mtandao wa kijamii, na limeonyeshwa bila haja ya kuonyesha kioo cha simu. Jina nalo lina lake. Neno rafiki ni la heshima na la kawaida. Katika kisa hiki linabeba maana isiyoweza kusemwa hadharani. Kiswahili kimefanya tena kazi ya mtu wa kati, kufikisha na kusitiri kwa wakati mmoja.

Filamu ya tatu ya mwaka huo, Supa Modo ya Likarion Wainaina, si ya mapenzi ya wachumba, lakini haiwezi kuachwa nje ya mjadala juu ya mahusiano ya binadamu. Jo ni mtoto mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na anapenda filamu za mashujaa. Dada yake anakishawishi kijiji kizima kimfanye aamini kwamba ana nguvu za ajabu, na hatimaye kijiji kinatengeneza filamu ambamo yeye ndiye shujaa. Hapa kifaa cha sinema kimewekwa mikononi mwa watu wanaojuana kwa majina, na kila mmoja anabeba sehemu ya ule uongo wa upendo na yuko tayari kuulizwa kwa ajili yake. Huo ni uongo wa jagam katika hali yake bora.

Kutoka Tanzania yafaa kutaja Vuta N'kuvute (2021), ambayo Amil Shivji aliitoa katika riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Kisa ni cha Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozwa kwake, anapata hifadhi kwa Mwajuma huko Ng'ambo, na katika mazingira hayo anamjua Denge, mpigania uhuru. Penzi lao lapita mlangoni kwa Mwajuma. Mwanamke huyu hatoi hotuba. Anatoa chumba, chakula na nguo, na anajitia hatarini. Kwamba kijana wa enzi ya intaneti aliirudia hadithi hii, badala ya kusimulia kisa cha simu, si jambo la kupuuzwa. Mwajuma anajaza nafasi ambayo filamu za simu zimeiacha wazi.

Mtafsiri wa filamu kama mshenga

Majumba rasmi ya sinema nchini Kenya yamekusanyika katika miji mikubwa. Kwa miji kama Oyugis njia ya filamu imekuwa nyingine: zamani magari ya sinema yaliyozunguka vijijini na msemaji wake, kisha vibanda vya video, na siku hizi simu yenyewe. Katika njia hiyo yote amekuwapo mtu ambaye wahakiki wa filamu hawamtaji, naye ni mtafsiri. Tanzania ilimfahamu Lufufu, aliyeweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za Marekani, India na Hong Kong. Mtaalamu Matthias Krings ameichunguza sanaa ya watafsiri hao. Uganda ina watafsiri wake wa Kiganda. Kenya inaye DJ Afro, ambaye filamu alizozisimulia kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng zimesambaa mjini na mashambani.

Mtafsiri huyu hafuati neno kwa neno. Hueleza, hukejeli, huwapa wahusika majina, humwonya shujaa, humshauri mpenzi. Huenda msomaji akapinga kwamba huko ni kuiharibu kazi ya msanii. Pingamizi hilo lina uzito kama filamu itachukuliwa kuwa mali ya mtazamaji mmoja aliyekaa kimya gizani. Lakini hebu ifikiriwe filamu ya mapenzi ya enzi ya intaneti, ambamo mazungumzo makuu huandikwa juu ya kioo kwa Kiingereza. Filamu ya namna hiyo humdhania mtazamaji anayesoma haraka, anayeijua lugha hiyo, na aliye peke yake. Ikiletwa mbele ya watu wengi, mtu hana budi kuyasoma yale maandishi kwa sauti na kuyageuza. Papo hapo ujumbe wa siri unakuwa usemi wa hadhara, sawasawa na barua iliyosomwa na mtoto wa shule. Watazamaji hucheka, humjibu, hubishana naye. Mtafsiri amechukua kazi zote tatu za mshenga: amefikisha, ametafsiri, na yupo hapo hapo aulizwe.

Kwa hiyo mgawanyiko unaofaa kuzingatiwa hauko kati ya filamu ya kisasa na watazamaji wa mashambani walioachwa nyuma. Uko kati ya filamu inayodhani kwamba maneno ya mapenzi husafiri yenyewe, na watazamaji wanaojua kwa maisha yao kwamba lazima abebe mtu.

Hitimisho

Yaliyoelezwa yaonyesha kwamba filamu za mapenzi za enzi ya intaneti zaweza kupangwa kwa namna zinavyomtendea mtu wa kati. Zipo zinazomficha, kama You've Got Mail na, kwa kiasi kikubwa, Disconnect. Zipo zinazokifuata kiti chake kilichokaliwa na mashine au kilichobaki wazi mpaka madhara yake yaonekane, kama Her na Rafiki. Na zipo zinazomrudisha kwa sura mpya: mke anayetafsiri katika Past Lives, kijiji katika Supa Modo, mwenye nyumba katika Vuta N'kuvute. Mpangilio huu haumaanishi kwamba watunzi warudi kwenye posa za zamani. Rosa na Yasmin ni ushahidi wa kutosha wa mateso yaliyokuwa humo. Unadai tu kwamba mtunzi anayeweka simu kati ya watu wawili aonyeshe pia ni nani aliye ndani ya simu hiyo, na anamjibu nani.

Kwa walimu na wanafunzi wa Kiswahili pana kazi mbili. Ya kwanza ni ya kukusanya. Masimulizi ya watafsiri wa filamu ni matini ya Kiswahili yenye ubunifu wake, na yanapotea kila kanda inapochakaa na kila kadi ya simu inapofutwa. Yanastahili kurekodiwa, kuandikwa na kufundishwa kama fasihi simulizi. Ya pili ni ya kutunga. Katika filamu zilizohakikiwa hapa hakuna hata moja iliyompa wakala wa M-Pesa wa mji mdogo nafasi ya mhusika mkuu, ingawa hupita mbele yake, kwa majina, tarehe na kiasi, penzi la wengi, ugomvi wao na upatanisho wao. Anawahudumia kwa Kiswahili Mjaluo na Mkisii walio katika foleni moja, na ajuayo hayasemi ovyo. Mwandishi wa miswada ya filamu anayetafuta kisa cha enzi hii anaweza kuanzia kwenye dirisha la kibanda hicho.